Nimeshamaliza adhabu yangu, mbona bado nazuiwa kusafiri?

SWALI: Miaka tisa iliyopita nilitiwa hatiani kwa kuiba simu mbili kazini. Nilitozwa faini, nikailipa siku ileile, kisha nikawekwa chini ya uangalizi kwa mwaka mmoja. Tangu hapo sijaguswa na kesi nyingine. Pasipoti yangu niliikabidhi mahakamani wakati wa dhamana na mpaka leo sijarudishiwa. Kila nikiulizia naambiwa "watu wenye kesi hawasafiri ovyo". Dada yangu anaishi Kanada na mwakani anamwoza binti yake. Je, kusafiri si haki ya binadamu? Nikinyimwa viza naweza kulalamika kwenye tume ya haki za binadamu? Na rafiki yangu ananiambia kwenye fomu nijaze "hapana" tu, maana Kanada hawawezi kujua. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, umeuliza mambo mawili kana kwamba ni moja, na hapo ndipo watu wengi wenye rekodi ya jinai wanapopotea. Kuna pasipoti iliyokwama mahakamani kwenu, na kuna viza ya Kanada. Kwenye pasipoti una haki, tena haki ya kuidai bila kuona haya. Kwenye viza huna haki ya kuingia. Una haki ya kuomba na kusikilizwa kwa mujibu wa sheria yao, basi. Anayekwenda ubalozini kudai haki, halafu akaenda kwa karani wa mahakama kuomba fadhila, amefanya kinyume kabisa cha anachopaswa kufanya.

Anza na maneno yenyewe. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, ibara ya 13, linasema kila mtu ana haki ya kutoka katika nchi yoyote, ikiwemo ya kwake, na kurudi katika nchi yake. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966 unarudia hayo katika ibara ya 12, na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa 1981 nao, kwa sadfa, katika ibara ya 12. Kutoka kumetajwa. Kurudi kwako kumetajwa. Kuingia kwa wenzako hakumo kokote. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ililisema hilo waziwazi mwaka 1986: mkataba hauwapi wageni haki ya kuingia katika nchi isiyo yao, na kila nchi huamua yenyewe imkaribishe nani. Kamati iliacha upenyo mdogo tu, pale panapohusika ubaguzi, hatari ya kutendewa unyama, au heshima ya maisha ya familia. Harusi ya binti wa dada, hata iwe kubwa kiasi gani, haipiti kirahisi kwenye upenyo huo.

Sasa geukia kwenu, ambako sheria iko upande wako zaidi ya unavyodhani.

Mwaka 1999 Kamati hiyohiyo, katika maoni yake ya jumla namba 27, ilieleza kwamba haki ya kutoka nchini inabeba ndani yake haki ya kupewa hati ya kusafiria, kwa sababu bila hati haki hiyo ni maneno matupu. Dola inaweza kuiwekea mipaka, lakini mipaka hiyo lazima iwe imeandikwa katika sheria, iwe na lengo linalokubalika kama usalama wa taifa, amani ya umma, afya, maadili au haki za wengine, na isizidi kiwango kinachohitajika. Haitoshi zuio kuwa na faida fulani. Linatakiwa liwe jepesi kuliko mengine yote yanayoweza kufikia lengo hilohilo. Kwa hiyo, mtu aliye kwenye dhamana akisubiri kesi anaweza kuzuiwa asitoke. Anayetumikia kifungo au uangalizi wenye sharti la kutosafiri anaweza kuzuiwa. Aliyemaliza, na hana amri yoyote juu yake, anazuiwa kwa sheria gani?

Mahakama za nchi mbalimbali zimekuwa zikiuliza swali hilo kwa miaka mingi. Marekani mwaka 1958 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi ya mchoraji Rockwell Kent aliyenyimwa pasipoti kwa tuhuma za ukomunisti, kwamba kusafiri ni sehemu ya uhuru wa mtu ambao hauwezi kuondolewa bila utaratibu wa haki. India, mwaka 1977, serikali ilishikilia pasipoti ya Maneka Gandhi "kwa maslahi ya umma" na ikakataa kumweleza sababu. Januari 1978 Mahakama ya Juu ya huko ikasema haitoshi kuwepo utaratibu ulioandikwa kwenye sheria. Utaratibu huo wenyewe lazima uwe wa haki, na anayeguswa apewe nafasi ya kusikilizwa. Kesi ninayoipenda zaidi ni ya Bulgaria. Raia wao alifukuzwa Marekani kwa kuvunja masharti ya viza ya masomo, naye alipofika nyumbani serikali yake ikamzuia kusafiri popote kwa miaka miwili. Mwaka 2012 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema hapana: zuio la jumla linalomwangukia mtu moja kwa moja, bila yeyote kupima mazingira yake mwenyewe, linavunja haki ya kutoka nchini. Kama nchi haiwezi kumfungia ndani raia wake kwa sababu tu amewaudhi wageni, sembuse kwa simu mbili zilizokwishalipiwa adhabu.

Hii haimaanishi kwamba kila zuio kwa waliomaliza adhabu ni haramu. Australia ilitunga sheria mwaka 2017 ya kuwanyima pasipoti watu walioandikishwa kwa makosa ya kingono dhidi ya watoto, kwa muda wote wanaotakiwa kuripoti kwa mamlaka. Marekani, kwa sheria ya 2016, iliamua njia nyingine: watu wa kundi hilo wanapewa pasipoti, ila ndani yake linawekwa andiko linalotaja hatia yao. Unaweza kubishana na sheria hizo, na wapo wanaobishana nazo. Lakini ni sheria zilizopitishwa bungeni, zinagusa kundi linalojulikana, zinataja kosa mahususi. Neno la karani dirishani kwamba "watu wenye kesi hawasafiri ovyo" halina hata kimoja kati ya hivyo. Wewe huna kesi. Ulikuwa nayo.

Kwa pasipoti yako, basi, fanya hivi. Sharti la dhamana huishi kadiri kesi inavyoishi. Hukumu ikishatoka na adhabu ikaisha, mahakama haina sababu ya kuendelea kushika hati yako. Kinachotokea mara nyingi ni uzembe tu wa makabati: hati imebanwa kwenye jalada, jalada limepelekwa masjala ya zamani, na hakuna aliyeandika amri ya kuirudisha kwa sababu hakuna aliyeiomba kwa maandishi. Kuulizia kwa mdomo hakuachi alama. Andika barua kwa msajili au hakimu mfawidhi wa mahakama iliyokuhukumu, utaje namba ya kesi, tarehe ya hukumu, namba ya pasipoti kama unayo, na uambatishe stakabadhi ya faini pamoja na barua ya afisa wa uangalizi inayothibitisha kwamba ulimaliza. Omba amri ya kuachiliwa kwa hati. Hakikisha nakala yako inagongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Wakinyamaza, peleka maombi rasmi mbele ya hakimu, maana hapo karani hana tena la kuamua.

Usishawishike kwenda polisi kuripoti kwamba pasipoti imepotea ili upewe mpya. Najua ni njia fupi na wengi wanaipita. Lakini haijapotea, unajua iko wapi, na taarifa ya uongo ni kosa jipya la jinai kwa mtu ambaye shida yake yote ni la zamani. Isitoshe, namba za hati zilizoripotiwa kupotea huingizwa katika hifadhidata ya Interpol ya hati zilizoibwa au kupotea, inayofanya kazi tangu 2002. Siku jalada likipatikana na ukasafiri na ile ya zamani kwa bahati mbaya, utakwama uwanja wa ndege. Hata kama imekwisha muda, irudishwe kwanza ndipo uombe nyingine.

Tume ya haki za binadamu inaingia hapa, na si kule ulikofikiria. Tume za kitaifa zimeundwa kwa kufuata Kanuni za Paris, ambazo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizipitisha mwaka 1993, na kazi yake ni kuiangalia dola yenu: polisi wenu, magereza yenu, mahakama na idara ya uhamiaji yenu. Ukiwa na barua yenye mhuri iliyokaa miezi bila kujibiwa, una malalamiko yaliyokamilika, nao wana wa kumwandikia. Ukiwapelekea barua ya kunyimwa viza na Kanada, watakusikiliza kwa upole na kukueleza kwamba afisa wa nchi nyingine hayuko chini yao.

Tuje sasa Kanada. Swali la kwanza wanalouliza ni kwamba kitendo ulichofanya, kingefanyika Kanada, kingekuwa kosa gani kwa sheria yao. Jina la kosa kwenu haliwahusu sana, na ukali au wepesi wa hakimu wako hauamui kila kitu. Na katika wizi kila kitu kinaning'inia kwenye thamani. Wizi wa mali inayozidi dola 5,000 za Kanada unaweza kumfikisha mtu kifungo cha hadi miaka 10, na hilo kwao linahesabiwa kuwa kosa zito. Wizi usiozidi hapo unaishia miaka 2, unahesabiwa kuwa kosa la kawaida la jinai. Bado linakuzuia kuingia, lakini linakufungulia njia ambazo mwenye kosa zito hana. Simu mbili hazifiki dola 5,000. Ila afisa hatakisia. Atataka kuona hati ya mashtaka au hukumu inayotaja zilikuwa simu za thamani gani. Kama hukumu yako inasema tu "wizi wa mali ya mwajiri" bila kiasi, tafuta hati ya mashtaka au maelezo ya mlalamikaji yaliyomo jaladani. Karatasi hiyo moja inaweza kuwa na uzito kuliko barua kumi za wachungaji na masheikh wanaokufahamu.

Halafu inakuja hesabu ya miaka. Mtu mwenye kosa moja tu la kundi lako huchukuliwa kuwa amejirekebisha baada ya miaka 10 kupita tangu alipomaliza adhabu yote. Anza kuhesabu siku ya mwisho ya uangalizi, usianzie siku ya hukumu. Wewe ulihukumiwa miaka tisa iliyopita, uangalizi ukaisha mwaka mmoja baadaye, kwa hiyo una miaka minane. Kumi bado. Lakini ikishapita miaka 5 sheria inakuruhusu kuomba uthibitisho rasmi kwamba umejirekebisha, na ukiupata umemaliza na kosa hilo moja kwa moja kwa upande wa Kanada. Tatizo ni kwamba maombi haya yanachukua muda mrefu, mara nyingi zaidi ya mwaka, na harusi haisubiri faili. Kwa hiyo kuna njia ya tatu: kibali cha muda cha kuingia licha ya kuzuiwa, ambacho afisa hukitoa akiona sababu yako ina uzito kuliko hatari ya kukuruhusu. Hakuna anayeweza kukuahidi hicho. Maoni yangu ni kwamba kosa dogo la zamani lisilo na vurugu, rekodi safi ya miaka minane, kazi na familia za kukurudisha nyumbani, na tukio lenye tarehe maalumu, ni maombi yanayosomeka vizuri. Peleka ya kujirekebisha mapema kadiri uwezavyo na uombe kibali cha muda kwa ajili ya harusi. Ukikosa kibali, maombi makubwa yanabaki mezani.

Sasa rafiki yako. Fomu ya viza ya Kanada haiulizi kama una rekodi; inauliza kama umewahi kutenda kosa la jinai, kukamatwa, kushtakiwa au kutiwa hatiani katika nchi yoyote. Ya Marekani inakwenda mbali zaidi, inauliza hata kama ulisamehewa baadaye. Swali limeandikwa hivyo makusudi ili mtu asijifiche nyuma ya neno "ilishafutwa". Ukijaza "hapana" umesema uongo juu ya jambo la msingi, na Kanada adhabu yake ni kuzuiwa kwa miaka 5. Uingereza inaweza kuwa miaka 10. Marekani zuio hilo halina mwisho, isipokuwa upate msamaha maalumu. Na watajuaje? Wanaweza kukuomba cheti cha polisi cha mwenendo mwema. Alama za vidole hulinganishwa na nchi washirika. Au dada yako, akihojiwa kwa nia njema kabisa, anaweza kusema "aliwahi kupata matatizo kidogo zamani". Mizani imekaa hivi: kosa lako la kweli lina njia tatu za kulitatua, uongo hauna njia rahisi hata moja. Rafiki yako anakushauri ubadilishe la kwanza kwa la pili.

Hilo la kufutiwa rekodi linahitaji maneno kidogo, kwa kuwa utashauriwa pia uanze nalo. Kama nchi yenu ina utaratibu huo, ufuate. Utakusaidia kwenye ajira na mengine mengi. Lakini usidhani mpaka wa nchi nyingine unafungwa na msamaha wa kwenu. Marekani, kwa mambo ya uhamiaji, hatia iliyofutwa na mahakama kwa kawaida bado ni hatia. Uingereza ina sheria tangu 1974 inayoruhusu hatia za zamani zisahauliwe, na bado haiitumii kwa wageni wanaoomba viza. Kanada huwa tayari kuangalia msamaha wa nje, lakini huupima kwanza.

Nchi nyingine zina vizingiti vyake, nitavipitia haraka tu ili usiichukue Kanada kuwa kipimo cha dunia. Australia hutazama kama ulihukumiwa jumla ya kifungo cha miezi 12 au zaidi. Japani huzuia aliyefungwa mwaka 1 au zaidi, na kwa dawa za kulevya huzuia hata kwa adhabu ndogo. New Zealand humfungia mlango aliyewahi kuhukumiwa miaka 5, au miezi 12 katika miaka 10 iliyopita. Kwa vipimo vya nchi hizo tatu, faini na uangalizi wako visingekugonga kwenye vizingiti hivi. Ndani ya Umoja wa Ulaya, kwa raia wao wenyewe, kanuni ni tofauti kabisa: agizo la mwaka 2004 linasema hatia ya zamani peke yake si sababu ya kumzuia mtu, lazima awe tishio la kweli na la sasa. Mwaka 1999 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliikatalia Ugiriki kumfukuza maisha mtalii wa Kiitaliano aliyepewa miezi 3 kwa dawa za kulevya huko Krete. Ningependa kanuni hiyo ingekuwa ya wote. Kwa sasa ni ya raia wa Umoja huo na familia zao.

Kanada wakikunyima, bado una la kufanya. Dada yako aombe, kwa idhini yako ya maandishi, maelezo ambayo afisa aliyaandika kwenye mfumo wao. Barua ya kukataliwa yenyewe inaweza kuwa fupi mno, maelezo hayo ndiyo yenye sababu halisi. Kama afisa alikosea sheria, kwa mfano alilihesabu kosa lako kuwa zito bila kuangalia thamani ya simu, wakili wa huko anaweza kuomba Mahakama ya Shirikisho ilipitie jambo hilo ndani ya siku 60. Mahakama haitakupa viza. Itarudisha faili kwa afisa mwingine aanze upya.

La mwisho ni tiketi, na watu hulisahau mpaka wafike kwenye kaunta. Usinunue kabla ya kibali. Na ukinunua, usipitie Marekani. Kule hata abiria anayebadilisha ndege tu anahitaji viza kama si raia wa nchi zilizosamehewa, na wizi kwao uko katika kundi la makosa yanayoonyesha uovu wa tabia. Kuna nafuu kwa kosa moja dogo, lakini inategemea pia adhabu ya juu kabisa ambayo sheria ya nchi yenu iliruhusu, isizidi mwaka 1, hata kama wewe ulitozwa faini tu. Sheria nyingi za wizi zinaruhusu zaidi ya hapo. Tafuta ndege inayopitia Ulaya au Mashariki ya Kati, na kabla ya kulipa uulize shirika la ndege kama uwanja wa kubadilishia unadai viza ya kupita kwa pasipoti yako.